Breki ya Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 3 Mei

Nimerudi. Mapaja yanawaka. Kidole cha shahada kimevimba, nimekibana tena kwenye bawaba ya baiskeli. Mara ya pili sasa. Mtu gani mwenye akili alikaa akaamua baiskeli inahitaji kukunjwa kama mwavuli?

Safari ya leo: Majengo hadi Milanzi, chai, kurudi. Tulikuwa watano. Neema mwenye duka la dawa, ambaye ndiye aliyeanzisha haya mambo, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anatupigia simu saa kumi na mbili asubuhi kwa furaha isiyovumilika. Bwana Salumu, anayeleta samaki wa migebuka kutoka Kasanga kwa lori lake. Sista Fausta, amevaa kofia ngumu juu ya kitambaa chake cha utawa. Mimi. Na mume wangu, Gaspari.

Kanuni ni moja tu: hakuna mashindano. Twende polepole, tuongee, asiachwe mtu. Gaspari alitupita wote kabla lami haijaisha. Tukamkuta Milanzi amekaa, miguu ameinyoosha, anatutazama kama mkaguzi wa shule.

Naandika hapa nisije nikasahau kwa nini nafanya upuuzi huu. Mwezi wa pili Gaspari alianguka karibu na sinki. Mdomo ukaenda upande siku mbili. Daktari akasema ni kiharusi chepesi. Mdomo umerudi. Mkono wa kushoto haujarudi wote. Aliambiwa afanye mazoezi mepesi na asiwe peke yake. Akaenda kwenye mitumba ya Japani, akarudi na baiskeli mbili za kukunja, yake na yangu, bila kuniuliza. Nikamwahidi Stela, binti yetu aliye Mbeya, kwamba baba yake hataendesha peke yake. Basi. Miaka hamsini na nane, mwalimu wa darasa la tatu, nazunguka mji juu ya magurudumu yenye ukubwa wa sinia.

Wakati wa chai Neema alimwuliza, "Baba, mkono huo vipi? Naona unashika kikombe kwa shida."

"Nilianguka kwenye ngazi," akasema Gaspari. "Nachuma maparachichi."

Hatuna mparachichi. Nilikuwa na kikombe mdomoni. Nikanywa.

Jumapili, 4 Mei

Kanisani sikuweza kupiga magoti. Mama mmoja wa jumuiya akanishika mkono nje: "Mwalimu, tumekuona jana. Ile baiskeli umemnyang'anya nani shuleni?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka. Sikupenda.

Jumatano, 21 Mei

Nimegundua anaendesha peke yake nikiwa shule. Baiskeli nimeikuta imekunjwa nyuma ya mlango, matairi yana udongo mbichi. Nimemwuliza. Amesema ni udongo wa zamani. Udongo wa zamani, mbichi.

Mpira wa soksi niliomshonea auminye kwa mkono wa kushoto, asubuhi na jioni, yuko nao paka.

Jumamosi, 7 Juni

Nimechoka naye. Naandika hivi hivi. Nimechoka naye.

Leo tulikwenda njia ya Pito. Upepo wa kukata masikio. Sista Fausta amefunga sweta kifuani kama anabeba mtoto. Gaspari mbele, kama kawaida. Kwenye mteremko mdogo wa darajani lori la mahindi lilikuwa linatoka shambani kinyumenyume. Nilimwona anabana breki. Niliona mkono wa kushoto unateleza, vidole vinafunguka vyenyewe kama vya mtu aliyesinzia. Baiskeli ikayumba. Nikapiga ukelele ambao sijaupiga tangu nijifungue.

Alisimama. Kwa miguu, akiburuza viatu, hatua tatu kutoka kwenye bodi la lori.

Wote wakakimbilia. Kwangu! Eti Mama Stela, pole, umeshtuka? Na yeye anafuta viatu, anasema, "Mke wangu huyu anaogopa hata kuku."

Wakacheka. Wananipenda, najua, hawakuwa na ubaya. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Kwamba nilicheka.

Halafu, kabla hatujaagana, akawaambia kuhusu bonde. Alipokuwa kijana, kabla hatujaoana, alipima barabara ya kushuka kutoka Ufipa juu hadi Bonde la Rukwa. Miezi mitano na mnyororo wa kupimia na vigingi. Kila kona anaijua. Lakini alishuka kwa mguu, au juu ya mizigo, hajawahi kuishuka kwa magurudumu yake mwenyewe. Anataka Julai twende. Lori la Bwana Salumu litupandishe mpaka ukingoni, tushuke hadi Ilemba, lori lituchukue huko.

Neema alipiga makofi. Bwana Salumu akasema lori lipo na dereva yupo. Sista akasema ataomba ruhusa.

Mimi sikuulizwa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda kwa fundi baiskeli wa Majengo na baiskeli yake, kwa siri. Fundi amenieleza vizuri: breki ya nyuma iko mkono wa kushoto. Ya mbele iko kulia. Kwenye mteremko mkali ukibana ya mbele peke yake, gurudumu dogo hivi, linakurusha kichwa mbele. Nikamwuliza kama breki zote mbili zinaweza kufungwa kulia. Akasema inawezekana, atanitengenezea, nimletee tu mwenyewe ajaribu mshiko.

Nimemwambia Gaspari jioni wakati wa kula. Kwa upole. Nilijiandaa njia nzima.

"Umekwenda kumwambia fundi kwamba mimi ni kilema?"

"Nimemwambia mkono wako unachoka."

"Mkono wangu hauchoki."

Akakamata bakuli la maharage kwa mkono wa kushoto ili anionyeshe. Lilifika usawa wa kifua. Nimefuta sakafu mwenyewe. Yeye alikwenda nje akakaa upande wa ukuta unaopigwa na jua, akajifanya anatazama kuku.

Jumapili, 29 Juni

Stela amepiga simu. "Mama, baba anaendeleaje?" Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, Gaspari ananitazama. Nikasema anaendelea vizuri. Sasa mimi pia ni mwongo. Tumekuwa familia ya waongo, mmoja wa ngazi, mmoja wa simu.

Ijumaa, 4 Julai

Nimekata shauri nisiseme kitu. Ni mtu mzima. Ana miaka sitini na mitatu. Amepima barabara za mkoa mzima. Akitaka kuvunja shingo ni shingo yake.

Nimemtayarishia fulana nzito kwa ajili ya ukingoni na shati jepesi kwa ajili ya bondeni. Nimekunja vizuri. Nimekunjua, nimekunja tena. Sijui kama ni hasira.

Jumamosi, 5 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Tulifika ukingoni saa tatu. Baridi, ukungu unapanda kutoka chini kwa vipande. Bonde lote hapo chini, kahawia na kijani, na ziwa mbali kama bati lililoachwa juani. Gaspari alivua kofia. Alikuwa na uso nisiouona siku nyingi. Akaanza kutuonyesha: pale tulipiga kambi, pale mwenzetu aling'atwa na nyoka akapona, ile kona niliipinda mimi, wakubwa walitaka inyooke nikakataa. Wote wanamsikiliza. Nilimpenda sana wakati ule. Ndiyo maana nilikasirika zaidi.

Neema akasema, "Haya, nani anatangulia?"

"Mwenye barabara," akasema Gaspari, akapanda.

Nikasikia sauti yangu. Sikupiga kelele. Ilikuwa ile ya darasani.

"Hakuanguka kwenye ngazi. Alipata kiharusi mwezi wa pili. Mkono wa kushoto hauwezi kubana breki."

Bwana Salumu akatazama viatu vyake. Neema akafungua mdomo, akaufunga. Anauza dawa, nadhani alikuwa ameshahisi, akamwonea haya mzee.

Gaspari alishuka. Akaanza kuikunja baiskeli. Kwa mkono mmoja ni kazi ndefu. Lazima ushikilie fremu kwa paja, ufungue bawaba, uinue usukani, usukani unaanguka, unaanza upya. Sista Fausta alipiga hatua kwenda kumsaidia, nikamtikisia kichwa. Tukasimama pale watu wanne tukimwangalia mtu mmoja anakunja baiskeli. Nadhani ilikuwa dakika tano. Kwangu ilikuwa muhula mzima.

Akaipakia kwenye lori mwenyewe. Neema akasema basi tuahirishe, twende wote na lori.

"Nendeni," akasema. Halafu akanigeukia. "Na wewe nenda. Wewe mikono yako mizima."

Nikaenda. Kwa hasira. Sikumuaga hata.

Sehemu za kokoto tulishuka tukasukuma. Kona nyingine tulipita polepole, Neema mbele akipiga kengele. Mikono ilikufa ganzi kwa kubana breki, yote miwili. Kadiri tunavyoshuka joto linapanda kutoka ardhini, kwanza vidole vya miguu, halafu shingo, mpaka nikasimama nikavua sweta. Kuna kona moja pana, laini, ambayo barabara inazunguka bega la mlima na bonde lote linafunguka kulia kwako. Ile aliyoipinda yeye. Nikaachia breki. Kidogo tu. Nikacheka, peke yangu, kwa sauti.

Kisha nikaona aibu mpaka machozi. Nilikuwa nimemchukulia kitu chake, na kilikuwa kizuri.

Ilemba tulimkuta kwenye lori, mbele, ameangalia dirisha.

Jumanne, 8 Julai

Hasemi na mimi. Anasema na redio. Taarifa ya habari inapewa maoni yake yote, mimi hata "pisha" sipati.

Ijumaa, 11 Julai

Amesema. Nilikuwa nachambua ulezi uani, akaja akasimama mbele ya jua langu.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tukiwa wawili."

"Nimekuambia tukiwa wawili tangu mwezi wa pili! Bora nikuvue nguo kuliko nikuvalishe sanda."

Akakaa kwenye kinu kilicholala. Nikaendelea na ulezi kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Halafu akasema, taratibu, kwamba asubuhi akiamka huwa anautazama ule mkono kwanza kabla hajausogeza. Anasubiri. Anaogopa siku atakayouambia inuka usiinuke, au ule mwingine nao ukatae. Ndiyo maana hataki kuuminyisha soksi. Akiuminyisha atajua umebaki kiasi gani.

Miaka thelathini na minne ya ndoa, na hilo sikulijua. Nilidhani ni ubishi. Ni ubishi pia.

Sikumwomba radhi. Hakuniomba. Nilimsogezea ungo, akachambua kidogo, kwa mkono wa kulia.

Jumatatu, 21 Julai

Bwana Salumu alileta migebuka. Walikaa na Gaspari mlangoni karibu saa nzima wakizungumzia mvua za mwaka jana. Mkono haukutajwa. Alipoondoka akasema, "Mwalimu, tarehe mbili usitukose." Kwangu, si kwake. Gaspari alisikia. Nimekereka kwa niaba yake, na pia nimekereka kwamba nilifurahi.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimemwambia sitakwenda kesho. Amesema, "Usinitumie mimi kama kisingizio. Nenda." Nimemwambia nitamleta Mama Mchungaji wa jirani akae naye. Amesema akikaa naye mtu atahama nyumba. Tumekubaliana: simu mfukoni, mlango haufungwi kwa komeo.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekwenda peke yangu. Njia ya Milanzi tena. Mashamba yamevunwa, mabua yamelala, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Tuliongea mambo ya kawaida. Sista Fausta alipata pancha, tukakaa kando ya njia tukila karanga mpaka ikazibwa. Hakuna aliyeniuliza habari ya nyumbani mpaka tulipokuwa tunaagana, na hapo Neema aliuliza kwa kifupi, nami nikajibu kwa kifupi.

Nilimkuta amekaa uani. Ugali wa ulezi ameupika mwenyewe, una madonge. Tukala.

"Mlipita wapi?"

Nikamwambia.

"Lile kalavati baada ya shule, linapitisha maji?"

"Limeziba nusu. Udongo na majani."

Akatikisa kichwa. Akatafuna. Akasema mvua za Novemba zikikuta hali hiyo barabara itakatika pale pale, upande wa juu, si wa chini kama watu wanavyodhani. Akasema inabidi mtu akaangalie.

Nikamwongezea maharage.