Kabati Lililomwangukia Mama Mkwe

Mama mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie na jina langu usilitoe, maana mji wetu huu wa Wainuiomata ni mdogo na hata mke wangu nashindwa kumtazama usoni.

Mama mkwe wangu, Huia, ni wa Dargaville, kule kaskazini ambako mtu huzeeka bila kuhisi tetemeko, na alipofiwa na mumewe alikuja kukaa nasi, tukampa chumba cha nyuma chenye kabati zito la babu yangu, na siku ya kwanza tu akaniuliza, "Mwanangu, hili mbona halijafungwa ukutani?" nami nikamcheka, nikamwambia, "Mama, nyie wa Dargaville lori likipita tu mko chini ya meza, sisi huku tunatikiswa tangu tumboni." Aliniomba mara tatu. Mke wangu Ngaire akanunua vyuma vya kulifungia, nikavitia kwenye droo, nikasema nitafunga Jumamosi, na Jumamosi kukawa na raga.

Jumanne asubuhi ardhi ikatikisika, wala si sana, jikoni vilivunjika vikombe viwili tu, lakini chumbani nilimkuta mama sakafuni hajitambui, kabati limemlalia miguuni, nikaliinua nikalisimamisha, na Ngaire alipofika mbio kutoka kazini akauliza imekuwaje, nikajikuta nasema, "Alitaka kukimbilia nje, akajikwaa."

Nyonga imevunjika, na mama hakumbuki kitu. Juzi hospitalini alinishika mkono akasema, "Nisamehe mwanangu, mmenifundisha kujikinga palepale nilipo, nami nikakimbia kama kuku. Mimi mshamba wa matetemeko." Wauguzi wakacheka, nami nikacheka nao. Sasa Ngaire anamgombeza mama yake kwa kukimbia, na mama anataka kurudi Dargaville akaishi peke yake, anajiona mzigo. Nikisema kweli naogopa Ngaire ataniacha, nikinyamaza sipati usingizi. Nifanyeje?

Mwenye Aibu

Ndugu yangu,

Kwamba ulichanganyikiwa dakika ile, nakuelewa. Dakika ile imeisha. Juzi ulipocheka na wauguzi akili zako zilikuwa timamu, na hapo ndipo uliponiudhi.

Umekulia kwenye ardhi inayotikisika ukadhani kuizoea kunakulinda. Mgeni wako alilitazama kabati akaona hatari, wewe ukaona kichekesho.

Sasa sikiliza. Daktari anamtibu mtu aliyejikwaa, hajui kwamba mbao nzito zilimlalia miguuni. Weka gazeti chini, piga simu hospitali umwambie. Hilo halingoji ujasiri wako.

Leo hii kaa na Ngaire kando ya kitanda cha mama yake. Usianze kwa kujitetea. Sema, "Mama, hukukimbia. Kabati lilikuangukia, na mimi ndiye niliyekataa kulifunga." Kisha nyamaza, wakuseme mpaka wachoke. Siwezi kukuahidi kwamba Ngaire atakusamehe, na akikasirika ana haki.

Mama Huia akiamua kurudi Dargaville, mpeleke wewe mwenyewe. Ila aende akijua hakukosea.