Bakuli la Chai Nililolitia Jiki

Mama,

Nimekuharibia kitu. Wacha niseme mapema, maana wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Wiki moja baada ya mazishi niliendesha gari kutoka Sugar Land hadi kwako Carrollton kufunga vitu vyako. Unanijua, nesi ni nesi. Nikaona lile bakuli lako la chai juu ya friji, ndani limejaa mistari ya kahawia, nikasema ai, na vile Mama alikuwa msafi! Nikaliloweka kwa jiki kutwa nzima, nikalisugua kwa waya wa sufuria. Likatoka jeupe pe.

Nikampelekea Shosho Haruko, yule bibi Mjapani uliyemtunza miaka tisa, nikidhani namrudishia zawadi yake ikiwa safi. Alishika mdomo. Halafu akaketi, akaanza kunieleza polepole, mimi nimesimama tu hapo mlangoni na viatu mkononi.

Kumbe mabakuli hayo yanaitwa Hagi, jina la mji wao. Yalianzishwa na wafinyanzi Wakorea waliovushwa bahari wakati wa vita, wakapewa tanuri ugenini. Mwanzoni yalifanana na mabakuli ya kawaida ya kwao. Wanywaji chai wa Japani wakayapenda, na wajukuu wa wale wafinyanzi wakabadilisha hiki na kile, wakaongeza ule weupe mzito wa majivu ya mabua ya mpunga. Lakini udongo wakauacha mlegevu vilevile, na juu yake nyufa ndogondogo, ili chai iingie. Bakuli hubadilika rangi mwaka baada ya mwaka, kwa chai ya mwenyewe. Hiyo ndiyo sifa yake.

Mama, haukuwa uchafu. Ulikuwa wewe! Miaka tisa ya chai yako ya maziwa na tangawizi. Shosho anasema kwao hajawahi kuona Hagi ya rangi ile, na alizoea kukutania: "Umeligeuza Mkenya."

Na mimi nikafuta yote siku moja. Mikono hii! Bado siamini. Nikiwa kwenye shifti nasimama koridoni nasahau nilikuwa naenda chumba gani.

Shosho alinirudishia bakuli, akasema sasa ni langu. Nimeliloweka kwa maji safi siku nyingi mpaka harufu ikaisha. Jana nikachemsha chai yako, tangawizi ya kuponda, majani kabla ya maziwa, vile ulikuwa ukinipigia kelele. Nikamimina. Mama, linavuja! Kwako halikuvuja hata tone. Nikampigia Shosho. Akasema jipya huvuja hivyo, ni chai inayoziba nyufa, kidogo kidogo. Yaani miaka yote hiyo ni chai yako iliyokuwa imelishikilia. Nililia hapo jikoni kama mtoto.

Nimeweka sahani chini yake. Nitanywea humo kila asubuhi, nipanguse meza, ninywe tena, hata ikichukua miaka tisa. Rangi itakayokuja haitakuwa ile yako, najua. Lakini chai itakuwa yako.

Lala salama, Mama. Sitalisugua tena.

Binti yako,
Wanza