Tunakanda Unga Hospitalini

Mama Zawadi, hujambo na watoto? Na yule jogoo wako mkorofi, bado yu hai?

Vidole vyangu havikurogwa na jirani, acha kumnunia. Hospitali ya hapa Musoma wamesema ni baridi yabisi. Daktari ananipa dawa, na dada wa mazoezi anatukalisha wagonjwa wote tukande madonge ya unga ili vidole vilegee. Mimi nikagoma: "Nabeba zege, sikandi chapati!"

Bibi mmoja wa Butiama, mwenye vidole vilivyopinda kuliko vyangu, akanitazama kifuani. "Mume wangu, hivyo vifungo vya shati anakufungiaga nani?"

Nikakiri kuwa ananifungia mlinzi wa saiti, yuleyule aliyekuwa ananiandikia kadi ninazokutumia. Watu wakacheka mpaka nesi akaja kuchungulia. Nikakanda.

Leo yule dada ameniviringishia kalamu kwa mpira wa baiskeli ili niweze kuishika. Herufi zinayumba kama walevi, lakini ni zangu. Kwa hiyo naweza kukwambia bila mlinzi kusikia: nimekukumbuka, hasa usiku. Wa posta wakiisoma kadi hii, shauri yao.

Mke mwenzio wa Butiama anakusalimu.

Mumeo,
Baba Zawadi