Walinilisha Kwanza

Jumapili, Mei 2021. Mvua haijakatika tangu jana asubuhi.

Niko shamba. Si shamba letu, ni nyumba ya kukodi upande wa Oberon, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka Auburn, Sydney, ninakoishi. Nje kuna ng'ombe weusi wamesimama kwenye matope, miti imebaki matawi matupu, na baridi ya huku haina adabu. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka. Mama Imani amewasha moto, lakini kuni zimelowa na moshi umetujaa sebuleni.

Mama yangu amekufa.

Nimeandika hivyo nione kama nitaamini nikiyasoma. Siamini.

Mama Imani ni rafiki yangu wa kanisani, Mkenya mwenzangu. Alhamisi alinipigia akaniambia amepata nyumba mashambani, twende yeye na mimi na Mama Divine, wikendi nzima, kazi iwe kula na kulala. Mama Divine ni Mrundi, anatunza wazee, amekulia kambini Kigoma, na huwa hasafiri bila sufuria zake. Nikasema Jumapili nina zamu hospitalini Westmead. "Hiyo shift ishapangwa, my dear," Mama Imani akajibu. "You need a break." Nilifurahi kama mtoto. Baada ya mwaka mzima wa barakoa na kunawa mikono hadi ngozi kuchanika, sikujiuliza ni nani aliyeongea na bosi wangu.

Ningejiuliza. Mimi, kati ya watu wote, ningejiuliza.

Kwetu mtu hapewi habari za msiba kwa simu akiwa peke yake. Watu wa nyumbani humtafuta mtu aliye karibu nawe, naye hukusanya wenzake, wanakuja ulipo, wanaongea mambo ya hewani, wanahakikisha umekula, ndipo wanakwambia. Kula ni lazima, kwa sababu baada ya hapo hutatia kitu mdomoni kwa siku mbili. Kazi hii naijua. Mwaka jana mimi ndiye niliyekwenda kwa Baba Neema, anayefanya kazi kwenye ghala kule Wetherill Park, kumwambia kwamba baba yake hayupo tena. Nilimpikia pilau, nikamwongezea mara mbili. Nilirudi nyumbani nikijisifu kwamba tumelifanya jambo lile kwa heshima.

Na bado jana nililala garini njia nzima. Nilipoamka niliwakuta wamenyamaza, hata Mama Divine ambaye kwa kawaida hata redio haimpiti kwa maneno. Nikadhani ni mvua inawatisha barabarani.

Nilijua mezani. Mama Divine alipakua ugali, maharage na nyama ya mbuzi, akaniwekea mimi wa kwanza. Wao wakajiwekea vijiko viwili viwili. Kisha nikaona Mama Imani haniangalii usoni. Anaangalia sahani yangu. Anapima kilichobaki.



Mama alikuwa amelazwa tangu Jumatatu, kifua kilimbana. Alhamisi ndugu yangu Mwadime aliniambia kutoka nyumbani kwetu Wundanyi kwamba anaendelea vizuri, ila daktari hataki asumbuliwe na simu. Nilituma sauti mbili kwenye simu ya mama, ya pili nikimtania kwamba anapenda kulala hospitali kwa sababu hapiki. Nilipoona macho ya Mama Imani juu ya ugali wangu, nilikumbuka sauti zile, na nikajua hakuzisikia.

Sasa nitaandika kitu ambacho sijamwambia mtu. Sikuacha kula. Nilijua kwamba nikimaliza wataanza kuongea, kwa hiyo nikaomba nyama nyingine. Nikala polepole, nikaomba maharage. Nikasifu pilipili. Nikauliza mbuzi amenunuliwa duka gani pale Auburn. Tumbo lilikuwa limejaa hadi kooni, na bado nikasogeza sahani mara ya tatu, kwa sababu mezani pale, mradi nilikuwa natafuna, mama yangu alikuwa bado yuko hospitali na anaendelea vizuri. Mama Divine alikuwa anapakua huku machozi yanamdondoka. Nilijifanya siyaoni.

Kisha sufuria ikaisha.

"Mshai," Mama Imani akasema, akanishika mkono. "Mum ametuacha. Jumatano."

Nikauliza tunamzika lini. Niliuliza vizuri kabisa, kama anayeuliza basi linaondoka saa ngapi. Wakatazamana. Mama Divine ndiye aliyepata nguvu. "Walishamuzika jana, dada. Juu ya hii corona, hawaruhusu kungoja."

Nimepiga hesabu mara nyingi mno. Walimzika saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi Wundanyi ni saa kumi na moja jioni Sydney. Ijumaa saa kumi na moja nilikuwa dukani nikichagua kofia ya sufu ya safari hii. Nilijaribu ya kijani, nikajaribu nyekundu, nikacheka na muuzaji. Nilichukua nyekundu.

Najua nisingeweza kwenda. Mipaka imefungwa, kutoka nchi hii ni kuomba kibali, na kurudi ni bahati. Lakini ningetazama kwenye simu. Ningewachagulia gauni. Ningelia saa ambayo wenzangu walikuwa wanalia. Wamenionea huruma hadi wakaninyang'anya mazishi ya mama yangu.

Nilimpigia Mwadime, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema alikuwa anaogopa nitapokea habari nikiwa peke yangu ndani ya ile nyumba yangu ya Auburn. Halafu akaniomba nisimwambie Wakesho.

Wakesho ni mdogo wetu. Yuko Doha, anasafisha vyumba vya hoteli, hana ndugu kule. Mwadime amepata mama mmoja wa kanisa atakayemfikia Jumatatu. Nikakubali. Koo langu lilikuwa bado linauma kwa kumpigia kelele Mwadime kwa kunificha, na nikakubali.

Jana jioni Wakesho akaniandikia: "Dada, umeongea na mum? Simu yake imezimwa." Nikamjibu kwamba niko shamba, mtandao ni mbaya, tutaongea.

Leo mchana nimeshindwa kuvumilia. Nimevaa koti, nimetembea kwenye matope hadi langoni ambako simu inashika vizuri, nikampigia kabla hajaingia kazini. Nimemwambia moja kwa moja, mama amekufa, wameshamzika. Hakulia. Alisema, "Ngoja kidogo," kisha simu ikakatika. Nimepiga mara kumi na moja bila kupokelewa. Sijui alikuwa amesimama au amekaa, sijui kama alikuwepo mtu wa kumshika. Nilisimama pale mvua ikiniingia shingoni, na kwa mara ya kwanza nikawaelewa Mwadime na Mama Imani. Sikutaka kuwaelewa.

Nilitaka sana kuwa yule anayesema ukweli. Kumbe hata ukweli nimeupeleka vibaya, na nimeupeleka nikiwa nimechelewa.

Sasa ni jioni. Mama Imani anafunga mizigo, kesho alfajiri tunarudi. Ujumbe wa Wakesho umeingia hivi punde.

"Ulijua lini?"

Nimeandika "leo". Nimefuta. Nimeandika "jana mchana", nikatuma.

Amejibu papo hapo.

"Jana jioni nilikuuliza, dada."

Ni kweli, aliniuliza. Na mimi nikampa habari za mtandao.