Mama Mkwe Aliniona Nikimrudisha Sangara Mtoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijampoteza mchumba wangu Huguette. Mimi na rafiki yangu Ogutu ndio tuliotangulia huku kufungua kambi ya mahema ya bei nafuu kando ya Mto Nile, kwa watalii wasiomudu hoteli, tunawapeleka kuvua kwa ndoano, na kanuni yetu ni kwamba ngege, samaki wadogo, huliwa lakini sangara akishapigwa picha hurudi majini, na kwa kuwa kambi imechangamka nikapata ujasiri wa kumwalika mama yake Huguette, Mama Marie-Jeanne, muuza samaki wa soko la Ggaba, Kampala, aje aone kwamba mchumba wa binti yake ana kazi ya maana, basi mgeni mmoja akavua sangara mkubwa kama mbuzi, tukashangilia, mama akacheza, akatandika kitenge chake kwenye tope ili samaki alazwe, nami huku nikitabasamu nikamwachilia samaki arudi majini.

Mama akaokota kitenge chake chenye tope. Kisha akasema mbele ya wageni: "Mwanaume wa kutupa samaki, hata mtoto yangu atamtupa!"

Ogutu alicheka mpaka akaketi chini. Mama alirudi Kampala siku ileile, na sasa amekataa kupokea posa yangu. Nifanye nini?

Makokha, kando ya Mto Nile

Makokha,

Nimecheka, kisha nimekasirika. Hongera kwa kambi. Vijana wanaojitafutia riziki hunifurahisha. Lakini ulikuwa na akili gani siku hiyo? Mama aliyelea watoto kwa samaki unamwachilia samaki machoni pake, bila kumweleza kanuni yenu mapema, halafu unatabasamu? Tena huelezi alirudi nyumbani na nini mkononi. Ninajua: hakurudi na kitu.

Hata hivyo, tulia. Mama asiyekutaka asingecheza.

Usitume wazee, wala usiandike ujumbe wa simu. Nenda sokoni mwenyewe asubuhi, meza yake ikiwa imezungukwa na wateja, umwombe radhi hapo hapo, kwa sababu alifedheheka mbele ya watu. Usimpelekee samaki, anao. Mpelekee kitenge kipya, maana kile cha kwanza alikichafua kwa kukufurahia.

Kisha mwalike tena. Ogutu abaki jikoni, akachekee sufuria. Mketishe mama mbele ya mtumbwi, mpe ndoano aishike mwenyewe. Akimvua sangara, wekeni simu mfukoni, washeni moto. Kanuni ya kambi ni ya wageni, na huyo ni mama yenu.