Meza Moja ya Watani

Jumatatu, 18 Oktoba 1954

Gundi imeganda tena. Kuni mbichi za Kabungu, moshi mtupu. Nimegomba tangu asubuhi.

Nimeng'oa mbao zilizoigawa karakana ya mgodi vyumba vyumba. Maseremala huku, wahunzi kule, kila mtu kimya kama kafungwa. Watu hawabuni kitu hivyo. Sasa kuna meza moja ndefu katikati. Bwana Meneja kakunja uso. Kasema nijaribu, lakini breki za matoroli ya mawe zisipopatikana kabla ya mvua, mbao zinarudi na unyapara wangu basi. Haya.

Jumatano, 20 Oktoba

Nimewakalisha watu kwa utani wa makabila. Kasiani seremala, Mfipa mwenzangu, anatazamana na Maganga mhunzi, Mnyamwezi. Mtani akikwambia kazi yako takataka, huwezi kununa. Wengine wanaogopana, wanasifiana uongo. Hawa wanatukanana mpaka kitu kinanyooka.

Leo Maganga kaishika breki ya Kasiani, kauliza kama ni mwiko wa ugali. Kasiani katukana ukoo mzima wa Maganga, halafu kaenda kuchonga mpini mrefu zaidi. Imekuwa bora. Nimefurahi mno.

Jumatatu, 25 Oktoba

Breki imekamilika. Ukivuta mpini, kipande cha mti wa mninga kinabana gurudumu. Tumejaribu kwenye mteremko, toroli limejaa mawe. Limesimama. Meneja kanipa mkono mbele ya watu wote.

Wakati wa kufunga kazi Maganga kasema, "We Mfipa, mninga wako ukilowa utateleza. Utazika watu, mtani." Kasiani kamjibu, "Nitaanza na wewe, mla panya." Tumecheka mpaka machozi. Mimi nimecheka kuliko wote.

Ijumaa, 29 Oktoba

Mvua ya kwanza. Kasiani amekufa.

Alisimama mwenyewe nyuma ya toroli. Hakutaka mtu mwingine ashike breki yake. Magurudumu yalikuwa yamelowa. Alivuta, tukamwona anavuta, mti ukateleza tu. Kwenye kona toroli likapinduka, mawe yote juu yake.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumamosi, 30 Oktoba

Tumemzika Kasiani kijijini Kasokola. Padri alipomaliza, watu wakamngoja Maganga. Mtani ana kazi yake msibani: aingie kaburini, alale, agome kutoka mpaka apewe kitu, wafiwa wacheke kidogo wapumue. Kaingia. Kalala. Mke wa Kasiani katabasamu, masikini, alijua mchezo ulivyo. Maganga hakudai kitu. Kaangua kilio humo ndani mpaka tukamvuta kwa mikono.

Njiani nikamwuliza, siku ile uliposema mninga utateleza, ulikuwa unatania au unasema kweli?

"Kweli, Bwana Nyapara. Lakini na Kasiani sijawahi kusema kitu bila matusi. Ningeanzaje?"

Nina hasira. Naye, na nafsi yangu, na meza ile niliyoiona akili kubwa. Niliwafungua watu midomo, masikio nikayasahau.

Jumanne, 2 Novemba

Meneja kaamuru mbao zirudi. Sikubisha. Nimepigilia misumari mwenyewe. Unyapara kaniachia. Sijui kwa nini, na sikuuliza. Maganga anafua breki za chuma peke yake upande wa pili. Nyundo tu inasikika.

Jumamosi, 6 Novemba

Breki za chuma zinashika hata kwenye mvua. Hakuna aliyeshangilia.

Ijumaa, 12 Novemba

Mvua ndogo. Kazi kawaida.

Nimekosea kipimo cha mpini, kosa la mwanafunzi. Maganga kaliona alipokuja kuchukua misumari. Mimi pia ni Mfipa, angeweza kunivua nguo mbele ya watu. Kavua kofia. Kainama karibu na sikio langu. "Samahani Bwana Nyapara, naona hapa pamepungua kidogo."

Nikamshukuru. Akarudi upande wake.

Nilitaka anitukane.