Blanketi la Mama Juu ya Picha Yako

Mpendwa Baba Rispa,

Mulembe, amani iwe nawe huko uliko. Leo nakuandikia nikiwa nimekasirika, na wewe ndiye niliyezoea kumwambia hasira zangu kabla sijazipeleka kwa Mungu. Ulikuwa unaniambianga, "Anza na mimi nipunguze moto kidogo, ndipo uende kwa Bwana." Basi naanza na wewe. Unajua niliishia darasa la saba, kwa hivyo nikizungukazunguka utanivumilia. Na hii barua nataka wengine pia waisome, hasa wa pale sentani Musanda, kwa sababu walichokufanyia wamekifanya hadharani.

Wamekuchora ukutani, Baba Rispa. Kwenye baa. Kifua wazi.

Mama Felista ndiye aliniambia tulipotoka kwa maombi ya akina mama. "Dada, umemwona mzee wako? Ako pale kwa Bosco, amesimama na jogoo, mbavu zote nje." Nikafikiri ni utani, maana Mama Felista unamjua. Nikaenda. Kweli uko pale kwenye ukuta wa varanda, mrefu kuliko ulivyokuwa, mbavu zimepangwa kama ngazi, jogoo mkononi. Juu ya kichwa chako wameandika kwa rangi nyekundu kwamba shindano la vitambi linarudi. Na kando ya mguu wako wamechora chupa ya bia, kubwa, inatoa povu. Wewe ambaye hata harufu yake ilikuwa inakupa kichwa. Mate yalinijaa mdomoni nikatema palepale barabarani, mbele za watu, na kitambaa cha kanisa kichwani. Mungu anisamehe, lakini nilitema.

Wacha nikukumbushe ile Ijumaa. Najua hujasahau, lakini niache nisimulie, kwa sababu wanaoisimulia siku hizi wanaisimulia vibaya.

Ilikuwa ile miaka miwa ilikuwa miwa. Matrekta yalikuwa yanapita mbele ya nyumba usiku na mchana, watoto wakining'inia nyuma ya trela kuchomoa miwa, na majivu ya mashamba yaliyochomwa yakianguka kwenye shuka nilizotoka kuanika. Wiki ya malipo Musanda yote ilinuka nyama ya kuchoma. Na wanaume wakaota vitambi. Mwanamume aliyelipwa miwa alitakiwa aonekane amelipwa, na mahali pa kuonekania ni tumboni. Makarani wa mizani ya kiwanda cha sukari walikuwa wanatembea wameegemea nyuma, kifungo cha chini kimefunguliwa, eti kitambi kipumue.

Na wewe je? Wewe ulikuwa nyapara wa wakata miwa, una kashamba kako pale karibu na mto, na ulikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Ulikula, mimi ni shahidi. Ugali niliosonga, ile obusuma yetu, ungeweza kusimama wenyewe bila sahani. Lakini ulikuwa unakula na kuitoa yote kwa panga siku hiyohiyo. Na kwetu ubaya ni kwamba mwanamume akiwa mwembamba aibu si yake, ni ya mke wake. Dada zako walikuwa wanakushika mkono wanaubinya hivi, kisha wananitazama mimi. "Mama Rispa, huyu unampatianga chakula ama unamwonyesha tu?" Wewe unacheka. Mimi naingia jikoni naushukuru moshi, maana moshi hauulizwi kwa nini mtu ana machozi.

Siku hiyo nilikuwa nimepeleka mahindi kusaga. Kisiagi kilikuwa kinatazamana na baa, barabara tu katikati, na ile baa ilikuwa na ukuta nusu, kwa hivyo hata mtu asiyetaka kuona aliona. Niliona. Wanaume wazima, baba za watu, wamevua mashati wamepanda juu ya kreti. Wanapakwa matumbo mafuta ya kupikia yang'ae. Wamechorwa namba kwa chaki. Fundi wa cherehani anapita na futi yake, anawazungusha kiunoni, anasoma inchi kwa sauti kama anayepima ng'ombe. Wengine walikuwa wanaambiwa waweke glasi ya pombe ya busaa juu ya kitambi na watembee isimwagike. Vitovu vimetokeza, jasho limechanganyika na mafuta, na wale wasichana wa baa wanabonyeza kwa kidole kuona kama ni kitambi cha kweli ama mtu amevuta pumzi. Nilisikia kinyaa, Baba Rispa, kile cha kukufanya uione hata ngozi yako mwenyewe imechafuka. Nikageuza uso nikatazama mahindi yangu.

Ndipo nikasikia jina langu.

Wewe ulikuwa umeingia kutafuta vijana wako wawili waliotoroka kazi wakaenda kunywa. Ungewachukua utoke. Lakini aliyekuwa anaendesha shindano ni yule karani wa mizani tuliyekuwa tunamwita Tani, na Tani alikuwa ameshalewa. Akakushika bega. "Jamani, tazameni nyapara! Hiki ni kiuno ama ni uzi wa kushonea? Hebu mtuambie, Mama Rispa anamlisha nini huyu, majani ya miwa?"

Baa nzima ikaangua kicheko. Mwenye kisiagi akanitazama, akatazama chini. Mimi nikatamani injini ipige kelele zaidi.

Na wewe ukavua shati. Polepole, kifungo kwa kifungo, ukalikunja vizuri kama unavyolikunjanga usiku, ukaliweka juu ya meza, ukapanda juu ya kreti. Mwanamume ambaye hata mimi nilikuwa nikimwona kifua wazi anapooga tu. Fundi akaja na futi yake, ikakuzunguka na ikabaki ndefu. Tani akauliza, "Haya nyapara, kitambi chako kiko wapi?"

Ukasema, na hukupaza sauti, lakini nilisikia mpaka ng'ambo ya barabara, "Mimi niko na vitambi vitatu. Asubuhi vimevaa sare, vikaenda shule."

Wakalipuka. Walipiga meza, walipiga makofi, wakasema nyapara amewashinda wote, wakakupa jogoo wa zawadi. Nami nikasimama pale na unga wangu kichwani nikiwatazama, na sasa ndipo kinyaa kilinishika kabisa. Maana waliopiga makofi kwa nguvu zaidi niliwajua. Niliwajua watoto wao. Walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo wiki hiyohiyo, nilipishana nao njiani. Baba zao walilisikia neno lako, wakalipenda, wakalicheka, wakafuta machozi ya kicheko, wakaagiza nyingine. Afadhali wangekuzomea.

Halafu wakakubeba mabegani. Wakakutoa nje mpaka varandani, kifua wazi, jogoo anapiga mabawa. Na Mungu aliye na mipango yake akaifanya pikapu kutoka Kakamega isimame hapohapo, na anayeshuka, na mkungu wake wa ndizi, ni mama yangu.

Nilikuona ukijaribu kushuka. Wale walevi wakafikiri unacheza, wakakurusha juu zaidi. Mama akasema, "Uwi! Mkwe wangu!" akaangusha ndizi, akajifunika uso na leso yake. Alibaki hivyo amegeukia barabara mpaka nikafika kumshika mkono. Hukuwahi kuniambia ulijisikiaje. Lakini nilikuona ukirudi nyumbani kwa njia ya shambani, shati umelivaa nyuma mbele.

Kwetu Shinyalu unajua ilivyo. Mkwe akionekana kifua wazi na mama wa mke wake, njia imefungwa. Hali kwake, hakanyagi ua wake, hata salamu zinapitia kwa mtoto, mpaka apeleke blanketi. Mama alirudi siku hiyohiyo bila kulala kwetu. Na wewe, uliyempenda mama yangu kuliko baadhi ya dada zako, ukawa hata jina lake hulitaji. Watu walikuwa wanakusimamisha njiani kukusifu kwa ajili ya baa, nawe unaitikia tu kichwa. Walikuwa hawajui walikugharimu nini.

Ile siku ya blanketi ndiyo inanifanya nicheke mpaka leo, hata na hasira hizi. Jua la Januari, na wewe umesimama nje ya ua wa mama. Mama ametupa mgongo. Mimi katikati nimelipokea blanketi kwako, nikampelekea. Akajifunika kichwa mpaka miguu. Ndani humo akauliza, "Ni nani yuko hapo nje?"

"Ni mkwe wako, mama. Nimevaa."

"Umevaa nini?"

"Shati, mama. Na sweta. Na koti."

Blanketi likaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko. Akajifunua uso akasema, "Basi mimi sikuona kitu. Ingia ndani kabla hujaiva." Ukachinjiwa kuku, ingokho ya mkwe, ukala jasho likikutoka hadi kwa kidevu, na koti hukulivua.

Jogoo wa baa mimi nilikataa kumpika, na wewe hukunilazimisha. Alizeeka palepale uani. Kila akiwika nilimkumbuka Petro, lakini wewe hukumkana mtu siku ile.

Sasa hayo yote yamepita. Kiwanda kimepoa, miwa imekuwa ya kutafunwa na watoto tu, na vile vitambi vingi vilikwisha kabla ya wenyewe. Rispa ni mwalimu, hilo unalijua, ulimwona akivaa joho kabla hatujakuzika. Mama anaishi na mimi tangu alipodhoofika. Macho yake yamefifia lakini masikio ni yaleyale. Nilipotoka kutazama ule ukuta alikuwa ameketi na blanketi lako miguuni, maana ndilo analojifunika mpaka leo.

Akaniuliza, "Ni kweli wamemchora?"

"Ni kweli, mama."

"Amevaa?"

"Hajavaa."

Akafumba macho. Nikafikiri amesinzia. Kisha akasema, "Mimi nilipewa blanketi ili nisiwe nimemwona. Hao wote wanaopita barabarani wamepewa nini?"

Akalivuta blanketi kutoka miguuni akanipa. "Nenda ukamfunike."

Nikaenda. Nikachukua vibanio vya nguo nikavitia kwa mkoba pamoja na Biblia. Pale varandani, palepale walipokubeba, wamefunga waya wa kutundikia taa za rangi. Nikavuta kreti, nikapanda, magoti haya unayoyajua, nikaanza kubana blanketi kwenye waya. Bosco mdogo, ambaye ndiye mwenye baa sasa, akatoka mbio.

"Mama, tafadhali! Hiyo ni heshima tumempa mzee. Siku hizi tunataka wanaume wasionee miili yao haya. Mnene, mwembamba, wote wajivunie. Mzee wako ndiye alianzisha!"

"Kijana wangu, mwili si shida," nikamwambia. "Mungu aliumba kitambi na akaumba mbavu. Hizo mbavu nimelala kando yake miaka yangu yote na sikuwahi kulalamika." Waliokuwa ndani wakacheka. Niliwaacha wamalize. "Lakini hapa naona mbavu, naona jogoo, naona chupa. Wale watoto wa sare aliowataja wako wapi?"

Akajikuna kichwa. "Ukuta ulikuwa mdogo, mama."

"Chupa imetoshea."

Mzee mmoja kwenye kona, mmoja wa wale waliokubeba, sitamtaja, akaniita, "Mama Rispa, si utuache tunywe."

"Kunyweni," nikasema. "Ila yeye hatawatazama mkinywa."

Nikabana kibanio cha mwisho. Nikamwambia Bosco mdogo hilo blanketi lisiguswe mpaka mchoraji arudi akuvike shati. La mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni. Akiweza aongeze sweta na koti. Hapo mama atakuwa na amani, na mimi nitalichukua blanketi lake nilifue litoke harufu ya mahali pale.

Wameniomba niwe mgeni wa heshima siku ya shindano, nikabidhi jogoo. Sitakwenda. Nimewasamehe kwa sababu nimeamriwa kusamehe, lakini nikipita pale bado nageuza uso, na sitakudanganya kwamba hasira imetulia. Walikupenda kwa kile ulichovua. Mimi nilikupenda ukilikunja lile shati.

Mvua imeanza kunyesha nikiandika. Mama amejifunika leso zangu mbili na bado anatetemeka. Nimemuuliza kama nikalirudishe blanketi. Amesema, "Liache huko. Mimi nina nyumba."

Basi pumzika, Baba Rispa. Umefunikwa.

Mimi mkeo,
Mama Rispa